Nakala ya Mjimwema

Saa tano na dakika kumi asubuhi, Jumatano ya Desemba, radi ya kwanza ilisikika upande wa milima ya Matogoro, na Pamela, katibu wa ofisi, alichomoa birika la umeme kabla maji hayajachemka.

Katika ofisi ya upimaji ardhi ya Mzee Athanasi Haule hakuna aliyemwuliza kwa nini. Songea ni nadra kupata ukoo ambao haujaunguza televisheni au friji kwa radi, na watu hawasubiri mlio wa pili. Raphael, mpimaji wa nyanjani, alichomoa chaja ya simu yake. Mzee Athanasi alizima printa. Valence Nchimbi, mpimaji mkuu, alisimama dirishani akitazama mawingu, mikono mfukoni. Kwenye benchi la wageni alikaa Ekaristia Mbawala, mjane aliyefika kwa basi la alfajiri, mwavuli umelala magotini.

Lidwina Mapunda, mtaalamu wa kompyuta wa mkataba, alichomoa waya wa seva ukutani. Seva haikuzimika, kwani ilikuwa na betri ya akiba iliyoweza kuibeba pamoja na ruta kwa muda wa saa moja hivi. Kisha alifungua kompyuta yake kutazama jambo moja tu. Mashine ya kuhifadhi nakala, iliyokuwa mtaa wa Mjimwema, haikuwa ikijibu.

Nakala ya siku ilipangwa kuchukuliwa saa sita.

Msimu wa mvua uliopita, folda moja ilipotea kwenye seva hiyo. Ilikuwa na vipimo vya shamba la Ekaristia, katika kijiji kimoja cha njia ya Hanga, linalopakana na shamba la tumbaku la shemeji wa Valence. Wiki hiyohiyo vigingi vya mpaka viling'olewa na trekta likaingia katika mahindi ya mjane. Valence alisema radi imekula mafaili. Mzee Athanasi, aliyejifunza kupima ardhi kwa mnyororo na darubini, alimwamini, kwa sababu siku ile radi ilikuwa imepiga kweli. Akamgeukia Lidwina, ambaye wakati huo alikuwa mwajiriwa wake, akamwuliza nakala iko wapi.

Nakala ilikuwa kwenye diski ya pili, ndani ya kabati lilelile, nayo haikuwa na folda hiyo. Diski ile ilifuata seva kwa kila jambo: kilichoongezwa kiliongezwa, kilichofutwa kilifutwa. Lidwina aliupinga mpango huo tangu mwanzo. Aliyeutaka ni Valence, kwa hoja kwamba ni rahisi, na yeye mwenyewe alibaki na haki zote za msimamizi wa seva, eti kwa dharura. Kumbukumbu za nani aliingia na alifanya nini zilikaa ndani ya seva hiyohiyo. Za siku ile hazikuwepo.

"Dada Lidi," Valence alimwambia mbele ya wote, "bakapu inayofutika ni bakapu gani? Kauze vocha pale stendi. Kule kitu kikishakwanguliwa hakuna anayeuliza nakala."

Walicheka, hata Pamela. Lidwina aliachishwa kazi kabla ya Pasaka. Habari ilifika parokiani kabla yake, na watu waliokuwa wakimletea simu zao baada ya Misa wakaanza kuzipeleka kwa mtu mwingine. Alijua kwamba radi haiwezi kufuta folda moja na kuacha nyingine. Alijua pia kwamba kujua si kuthibitisha, na hakuwa na uthibitisho.

Aliyechukua nafasi yake hakudumu. Mwezi Oktoba Mzee Athanasi alimpigia Lidwina simu, akamwomba aje kwa mkataba mfupi, achague njia salama ya kuhifadhi nakala na kuisimika. Alikubali kabla hajasikia masharti. Seva ile haikuwa imemsumbua usingizi hata siku moja. Valence alikuwa amemsumbua.

Siku ya kikao aliwaeleza kwa maneno machache. Seva ya mfumo wa Unix haimwulizi msimamizi mara mbili. Akisema futa, inafuta. Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu nakala yoyote si ukubwa wa diski, bali ni nani anaweza kuifikia. Kama seva yenyewe ina ufunguo wa mahali nakala ilipo, basi anayeishika seva ameshika na nakala.

"Maneno ya kanisani hayo," Valence alisema. "Mimi nataka diski mbili, hapa, kabati moja. Ikiharibika hii, nachukua ile. Mtu wa nyanjani hana muda wa kusali novena ya siku tisa ili apate faili."

"Na kabati likiungua?" Raphael aliuliza.

"Kabati la chuma, kaka. Likiungua hilo, ujue na wewe umeungua."

Pamela alicheka. Lidwina alisubiri wanyamaze.

"Kaka Valence atapata diski yake," alisema. "Itafuata seva kama zamani, na haki zake zitabaki kama zamani."

Valence alimtazama kidogo kabla ya kuitikia. "Naona vocha zimekufundisha adabu."

"Zimenifundisha," Lidwina alisema.

Siku iliyofuata alikwenda Mjimwema, nyumbani kwa Mzee Athanasi. Alimweleza kwamba diski ya kabatini itasaidia diski ya kwanza ikifa, na haitasaidia kitu kingine chochote. Nakala ya kweli ingekaa pale nyumbani kwake, kwenye kompyuta ndogo ya zamani yenye betri na modemu yake ya laini ya simu. Seva isingejua njia ya kuifikia. Mashine ya Mjimwema ndiyo ingeingia kwenye seva, kwa ufunguo wa kusoma tu, ichukue kilichopo na kuondoka. Nakala ya kila siku ingekaa peke yake, nayo isingebadilishwa na nakala ya kesho. Kila dakika mashine hiyo ingechukua pia kumbukumbu za seva, ili anayezifuta ofisini awe amechelewa. Diski yake ingefungwa kwa nywila, kwa sababu mwizi anaweza kuiba kompyuta bila kujali ndani yake kuna nini. Na kila mwisho wa mwezi wangerejesha folda moja kutoka huko, waifungue, wailinganishe. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa ni dhana.

"Saa ngapi inachukua?" mzee aliuliza.

"Saa sita mchana. Usiku ofisi inazima swichi kuu kwa ajili ya radi, na mvua ya kwetu kwa kawaida inaanza alasiri."

"Na Valence?"

"Hahitaji kujua ilipo."

Mzee Athanasi aliridhika. Hakuuliza kama Valence bado angeweza kufuta kitu kwenye seva, na Lidwina hakumwambia. Msimamizi makini angeanza kwa kumwondolea haki hizo. Lidwina aliziacha kwa makusudi. Kesi ya mpaka wa Ekaristia ilikuwa imefika baraza la ardhi, kamati ya kijiji na majirani walikuwa wamekubali kuonyesha mipaka upya, na Raphael alikuwa amepangiwa kwenda kupima. Folda ingerudi kwenye seva. Mtu aliyeifuta mara moja angekuwa na sababu ileile ya kuifuta tena, na safari hii kungekuwa na jicho lisilozimwa kwa swichi ya ofisi.

Raphael alirudi kutoka njia ya Hanga Jumanne usiku. Jumatano asubuhi aliingiza vipimo kwenye seva, akavifuta kwenye kifaa chake cha kupimia kama alivyofanya baada ya kila kazi, na kumwambia Ekaristia kwamba mzee akishakagua atachapisha ramani na kuisaini alasiri. Kesho yake ingesomwa barazani. Kwa hiyo Valence alikuwa na siku hiyo tu, na siku hiyo ilikuwa imekuja na radi, mapema kuliko kawaida.

Lidwina alitoka kwenye korido akapiga simu Mjimwema. Aliyepokea ni Mama Anjelika, mke wa mzee.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mnaisikia hiyo huko mjini? Huku imepasua karibu na kwa jirani. Nimezima kila kitu."

"Na ile kompyuta ndogo?"

"Hiyo ndiyo nimeanza nayo. Nimechomoa, nimeifunga, nimeifunika kwa khanga pamoja na kioo cha kabati."

Lidwina alikuwa amefikiria swichi ya ofisi, betri, laini ya simu, na mwizi. Yeye mwenyewe alizaliwa katika mji ambako mtu akisikia radi anafunika vioo, na bado hakufikiria khanga. Mashine ile ikifungwa kifuniko, inalala.

"Mama, naomba uifungue tu. Kuchomeka siyo lazima."

"Nishike mashine, radi inatembea hivi? Mimi nina wajukuu, Lidwina. Njoo uishike wewe ambaye huogopi."

Alirudi ndani. Valence alikuwa ameacha dirisha na kukaa mezani kwake, kompyuta yake mbele, inatumia betri. Ekaristia alimwuliza Lidwina kama mvua ingechelewesha ramani. Lidwina alisema anadhani hapana.

Hapo alikuwa na njia mbili, na zote alizijua vizuri. Amri moja, kutoka kitini pake, ingefunga akaunti ya Valence. Folda ingebaki salama, ramani ingesainiwa, na kesho Valence angekuja kazini kama kawaida, mtu asiye na kosa, aseme Dada Lidi ameogopa kivuli. Njia ya pili ilikuwa kwenda Mjimwema na kuiamsha mashine kabla Valence hajafuta kitu.

Alichukua koti la mvua.

"Unatoroka mapema?" Valence alimwuliza. "Au umeitwa stendi?"

"Nakwenda kununua vocha," alisema.

Kijiwe cha bodaboda kilikuwa kimebaki na mtu mmoja, Abasi, amejibanza chini ya kibanda cha chipsi.

"Mjimwema," Lidwina alimwambia.

"Dada, mvua hii hata trafiki amejificha."

"Ndiyo maana tutafika haraka."

"Subhanallah. Panda. Lakini radi ikipiga, mimi nilikukataza."

Walifika wameloa mpaka miguuni. Mama Anjelika alifungua mlango, akamwonyesha sebule kwa kidole, akabaki ukumbini na rozari yake. Lidwina alifuta mikono kwenye pazia kwa kukosa kitu kingine, akaondoa khanga, akainua kifuniko. Kioo kilibaki cheusi kwa muda. Kisha kikawaka. Betri ilikuwa chini ya nusu.

Aliandika nywila, modemu ikashika mtandao, na kitu cha kwanza mashine ilichokivuta ni kumbukumbu za seva. Valence hakuwa ameingia bado. Aliamuru nakala ichukuliwe wakati huohuo, akianza na folda ya Ekaristia. Laini ilikuwa dhaifu kwa sababu ya mvua. Majina ya mafaili yalipanda kwenye kioo moja moja.

Mafaili yakiwa karibu nusu, mstari mpya ulitokea katika kumbukumbu: Valence ameingia.

Bado angeweza kumfungia. Mikono yake ilikuwa kwenye vibonye. Aliiondoa, akaiweka mapajani, akatazama. Ukumbini Mama Anjelika alikuwa amefika fumbo la tatu la rozari na alisali kwa sauti zaidi kila radi ilipolia. Faili la mwisho la folda lilifika. Mashine ikalinganisha kilichofika na kilichoko kwenye seva, ikakuta havitofautiani, ikaifunga nakala.

Muda mfupi baadaye folda ya Ekaristia ilifutwa kwenye seva. Kisha diski ya kabatini ikaamriwa ifuate, ikafuata. Kisha kumbukumbu za siku zikasafishwa, na mstari wa kuzisafisha ulikuwa wa mwisho kufika Mjimwema. Baada ya hapo seva haikujibu tena. Mtu alikuwa ameizima.

Lidwina alihisi furaha. Haikuwa faraja wala shukrani, na hakujidanganya juu ya hilo.

"Imepona mashine yako?" Mama Anjelika aliuliza kutoka mbali.

"Imepona, mama."

Aliirudishia khanga juu, kifuniko kikiwa wazi.

Alipofika ofisini mvua ilikuwa imekatika na seva imewashwa tena. Wote walikuwa wamesimama isipokuwa Ekaristia. Mzee Athanasi alikuwa amekaa mbele ya kompyuta ya Raphael.

"Ni yaleyale," Valence alikuwa akisema. "Radi, mzee. Nilisikia imepasua hapa juu ya bati, nikakimbia kuzima seva, nikawa nimechelewa. Dada Lidi hakuwepo. Alikwenda kununua vocha." Alimgeukia. "Umepata za mtandao gani?"

Lidwina alivua koti. "Kaka Valence, radi imepiga folda gani?"

"Hiyo ya njia ya Hanga."

"Na nyingine?"

"Zipo. Tumshukuru Mungu."

"Kwa hiyo imepita kwenye bati, ikaingia kwenye waya, ikakuta folda za wateja wote, ikachukua ya huyu mama peke yake."

"Mimi siyo radi, dada. Kaiulize."

"Na kwenye diski ya pili ikachukua hiyohiyo."

"Si inafuata seva? Wewe mwenyewe uliisimika."

"Sasa umesema kweli," Lidwina alisema. "Inafuata seva ikiamriwa. Nani aliiamuru?"

Pamela alicheka mara moja, akaziba mdomo. Lidwina aliunganisha kompyuta yake na mashine ya Mjimwema, akaiweka mbele ya Mzee Athanasi.

"Mzee, naomba usome wewe. Mimi nikisoma atasema nimetunga."

Mzee Athanasi alivaa miwani. Alisoma taratibu, kwa sauti, kama mtu anayesoma vipimo vya kigingi. Jina la aliyeingia, Valence. Saa tano na dakika arobaini na nne. Amri ya kufuta, na jina la folda. Amri ya diski ya pili. Amri ya kusafisha kumbukumbu. Jina kila mara lilikuwa lilelile.

"Hiyo imetoka wapi?" Valence aliuliza.

"Nyumbani kwangu," mzee alisema. "Karibu na cherehani ya mama."

"Mtu yeyote anaweza kuandika jina langu."

"Kompyuta yako iko pale mezani," Lidwina alisema. "Ifungue. Ina amri zote ulizoandika leo, maana hukujua kwamba nayo inakumbuka. Au twende nayo barazani kesho, uieleze mbele ya shemeji yako."

Valence alitazama kompyuta, kisha mlango. Alitoa funguo za ofisi mfukoni, akaziweka mezani, akatoka. Hakuna aliyemwita.

Lidwina alirejesha folda kutoka Mjimwema. Raphael alifungua faili moja baada ya jingine, akalinganisha pembe za shamba na alama alizokumbuka, kichuguu, mto, mkuyu uliokatwa, na kusema zote ni zenyewe. Printa iliwashwa. Pamela alichomeka birika.

Mzee Athanasi alikuwa bado ameshika miwani mkononi.

"Lidwina. Ulijua kwamba anaweza kufuta."

"Ndiyo, mzee."

"Tangu Oktoba."

"Tangu Oktoba."

"Leo, ulipoona Mjimwema imelala, ungeweza kumzuia?"

"Ningeweza. Kwa amri moja."

"Ukapanda pikipiki."

"Nikapanda pikipiki."

"Na mashine ingekataa kuwaka?"

"Iliwaka."

"Sikuuliza hivyo."

Aliyezungumza sasa ni Ekaristia, kutoka kwenye benchi, bila kupandisha sauti.

"Kwa hiyo shamba langu ulilifanya chambo, mwanangu? Nilikuuliza mimi hapa, ukaniambia hakuna neno."

"Mama, yule mtu aliniharibia—"

"Najua alichokufanyia. Mimi nimelimiwa mahindi. Nakuuliza kuhusu leo."

Lidwina alitafuta jibu lililo sahihi, na lililokuwa sahihi lilikuwa moja. "Ndiyo, mama," alisema. "Nililifanya chambo."

Ekaristia aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepokea alichokuja kuchukua. Mzee Athanasi alikagua ramani, akaisaini na kuipiga muhuri. Mjane aliikunja mara moja, akaitia kwenye mfuko wa nailoni, akaufunga ndani ya kitenge, akawaaga wote mmoja mmoja kwa jina, na Lidwina pia, kisha akaenda kuwahi basi.

"Leo umenionyesha kwamba anayeishika seva si lazima awe mwizi ili niwe na wasiwasi naye," mzee alisema. "Funga akaunti ya Valence, mfundishe Raphael. Halafu funga na yako."

"Halafu na yangu," Lidwina alisema.

Saa kumi jioni akaunti ya Valence Nchimbi ilifungwa kwenye seva. Raphael aliandika nywila mpya ya msimamizi, Lidwina akiwa amegeukia ukutani. Kisha Raphael akarejesha folda moja kutoka Mjimwema, peke yake, bila kuuliza, akaifungua, ikafunguka. Saa kumi na moja kasoro robo Lidwina Mapunda alifunga akaunti yake mwenyewe.